Shika sifuri vizuri: kwa kijana anayeanza kazi ya kupima

Siku yako ya kwanza saiti hutapewa kusoma namba. Utapewa ncha ya tepu uishike, na fundi ataondoka na upande wa pili akivuta. Wengi huona hiyo ni kazi ya mtoto: simama hapo, shika, nyamaza. Mimi nilishika ncha hiyo karibu miezi minane. Leo nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, kwanza karakana ya grili, milango na mageti, sasa kusimamia ujenzi wa nyumba za kawaida za watu, na ninakuambia kwa moyo wangu wote: makosa mengi ya vipimo niliyoyaona hayakufanywa na aliyesoma namba. Yalifanywa kwenye ncha ile aliyopewa mgeni.

Mzee aliyenifundisha alikuwa na swali moja. Ukimpelekea kipimo, hata kabla hajakiangalia, anauliza, "Umeanzia wapi?" Nikisema mita mbili na thelathini, anauliza umeanzia wapi. Nikisema nimepima mara tatu, anauliza mara zote tatu umeanzia wapi. Miezi ya mwanzo niliona ananisumbua. Kumbe alikuwa ananifundisha urefu ni nini.

Urefu ni umbali kati ya nukta mbili. Hivyo tu. Una ncha mbili, na namba unayoisoma kwenye ncha ya pili haina maana yoyote kama hujui ya kwanza imekaa wapi. Darasani uliambiwa kwamba urefu ni kiasi cha msingi, kama muda na tungamo, maana yake haupatikani kwa kuunganisha vipimo vingine, bali vingine ndivyo hupatikana kwake. Eneo ni urefu mara urefu. Ujazo ni urefu mara urefu mara urefu. Huku saiti sentensi hiyo ya daftarini ina gharama zake. Pima pande za chumba kwa kuzidisha asilimia 1, na eneo la vigae litazidi kwa karibu asilimia 2. Fanya hivyo kwa urefu, upana na kina cha zege, na utaagiza zege iliyozidi kwa asilimia 3. Kosa dogo la urefu huzaa, na hesabu yake huja kwenye saruji.

Sasa chukua tepu yako uitazame kwa karibu. Ile ndoano ya mbele imefungwa kwa ripiti mbili au tatu, na ukiitikisa inacheza kidogo, kama milimita moja. Nimemkuta kijana mmoja ameilaza juu ya chuma na anaigonga nyundo ili isicheze, akiamini imelegea. Nilimwahi kabla hajaimaliza. Ndoano imetengenezwa icheze, na uchezaji wake ni sawasawa na unene wake yenyewe. Ukiikwamisha kwenye ukingo wa mbao na kuvuta, inatoka nje, na sifuri inakuwa uso wake wa ndani. Ukiisukuma dhidi ya ukuta, unapopima ndani ya chumba, inarudi nyuma, na sifuri inakuwa uso wake wa nje. Kwa njia hiyo tepu moja inapima nje na ndani bila kukudanganya. Ukiikaza isicheze, utakuwa na tepu inayosema kweli upande mmoja tu.

Adui wa ndoano ni tabia ya kuiachia tepu ijirudishe kwa kasi. Ule mlio wa "paa!" unaopendwa na vijana, kila mara unapanua matundu ya ripiti. Baada ya mwaka, ndoano inacheza milimita mbili na nusu na mwenye tepu hajui. Zuia utepe kwa kidole, uingie taratibu. Ndoano ikishalegea au kupinda, usiiamini tena, na hapo ndipo mafundi huanzia kumi: unaweka alama ya sentimita 10 kwenye ukingo, unapima, kisha unatoa 10. Ni njia nzuri sana ikiwa wote wawili mnajua mnaifanya. Niliwahi kushuhudia papi kumi na moja za paa zikikatwa fupi kwa sentimita 10 kamili, kwa sababu aliyeshika alianzia kumi na aliyesoma alidhani ni sifuri. Kila mmoja alifanya kazi yake kwa usahihi. Hawakuambiana.

Nilipokuja kusoma historia ya mita nilifurahi kuona kwamba wakubwa wa sayansi walipita njia ile ile. Mwaka 1791 Ufaransa iliamua kwamba mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Wanaastronomia wawili, Delambre na Méchain, walianza mwaka 1792 kupima mstari kutoka Dunkirk hadi Barcelona, katikati ya mapinduzi na vita, na mwaka 1799 ikatolewa fimbo ya platinamu ya kuwakilisha mita. Fimbo ile ilikuwa na urefu wa mita kutoka ncha hadi ncha. Tatizo la ncha unalijua tayari: huguswa, hugongwa, huchakaa. Kwa hiyo fimbo mpya ya platinamu na iridiamu iliyokubaliwa na mataifa mwaka 1889 ilitengenezwa ndefu kidogo kuliko mita, na mita yenyewe ikawa umbali kati ya mistari miwili iliyochorwa juu yake, ndani ya ncha zake. Yaani waliacha ncha wakaanzia ndani, kama fundi anayeanzia kumi. Nilipomweleza mzee habari hii alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi hao watu walifanya kazi."

Hata hivyo walikuwa wamekosea. Mita yao ni fupi kwa takriban milimita 0.2 ukilinganisha na ile waliyoikusudia kutoka kwenye umbo la dunia. Hawakuibadilisha, kwa sababu kilichohitajika ni wote kutumia urefu mmoja. Liweke hilo akilini. Litarudi tukifika kwenye tepu za saiti.

Jambo la pili ninalotaka ulishike ni futi na mita, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia mwenyewe. Kazi yetu hapa Tanzania ina lugha mbili. Ramani inakuja kwa milimita: 1500, 2100, 3600. Dukani na mdomoni tunasema futi na inchi: mbao ya mbili kwa nne, tofali la inchi sita, bati la futi kumi. Mwaka wangu wa tatu karakana, mteja alileta karatasi ya madirisha manane ya upana wa 1500. Niliyechukua oda ni mimi. Nikasema moyoni, mita moja na nusu ni futi tano, ndivyo kila mtu anavyosema, nikamwandikia mchomeleaji "futi 5" kwenye ubao wa chaki. Futi moja ni milimita 304.8. Futi tano ni 1524. Grili nane zilitoka nzuri, zimenyooka, zimepigwa rangi ya kwanza, na kila moja ilikuwa kubwa kuliko tundu lake kwa milimita 24. Upana wa kidole. Tulizirudisha kwa pikapu, tukakata upande mmoja wa kila grili, tukachomelea upya, na nafasi ya nondo ya mwisho ikawa nyembamba kuliko nyingine katika madirisha yote manane. Nyumba ile ipo hadi leo. Nikipita naiona nafasi ile kutoka barabarani, hata kama mwenye nyumba hajawahi kuiona.

Tangu siku hiyo sibadilishi kipimo kwa mdomo. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, si takriban. Nchi zinazotumia inchi zilikubaliana hivyo mwaka 1959. Kwa hiyo kuna jibu moja tu, na kikokotoo cha simu kinalo. Yale mazoea ya "futi tatu ni mita" yana kosa la sentimita 8 na nusu. "Futi kumi na mbili ni tatu na sitini" ina kosa la milimita 58. Na ushauri bora zaidi ni kutobadilisha kabisa: ramani ikiwa ya milimita, pima kwa milimita, andika kwa milimita, mwambie mchomeleaji milimita. Tepu nyingi zina inchi upande mmoja na sentimita upande mwingine. Chagua upande mmoja kwa kazi nzima. Ukisoma 1500, tamka "elfu moja na mia tano", usitamke "moja na nusu", kwa sababu "moja na nusu" ndiyo inayomkaribisha mtu kuuliza moja na nusu ya nini.

Usidhani ninadharau vipimo vya wazee. Pwani watu walijenga na kufanya biashara kwa miili yao kwa karne nyingi na kazi ikasimama. Shubiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho ukitanua kiganja. Shubiri mbili ni dhiraa, au mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono miwili ni wari, na mikono minne ni pima, mikono yote miwili ikiwa imetanuliwa. Na sikiliza neno lenyewe, pima, ndilo lile lile tunalotumia kama kitenzi. Vipimo hivi vina hesabu safi ndani yake, mbili mbili kila hatua. Udhaifu wao ni kwamba mwenye mkono mrefu na mwenye mkono mfupi hawauzi kitambaa kile kile. Wakati mwingine kilichoamua urefu hakikuwa hata mwili. Ukiingia nyumba za mawe za Lamu au Mji Mkongwe Zanzibar utaona vyumba virefu lakini vyembamba. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Chumba hakiwezi kupanuka kupita mti unaokibeba.

Kuna kipimo kimoja cha mwili ambacho bado kinatumika kila siku na kinaleta ugomvi wa kweli: hatua. Shambani utaambiwa eka ni "sabini kwa sabini". Sabini za nini? Eka ni wari (yadi) za mraba 4,840. Sabini mara sabini ni 4,900. Kwa hiyo aliyeanzisha hesabu hii alikuwa karibu sana na ukweli, ikiwa hatua yake ni wari moja, yaani mtu mzima anayejinyoosha vizuri. Lakini leo nasikia vijana wenye tepu wakipima mita 70 kwa mita 70 na kuiita eka. Hiyo ni mita za mraba 4,900, na eka ni kama 4,047. Tofauti ni zaidi ya mita za mraba 850, kubwa kuliko kiwanja kizima cha mita 20 kwa 40. Muuzaji anapoteza kiwanja, au mnunuzi wa pili anadai alichopewa wa kwanza, na jirani anahusishwa, na mwisho wake ni baraza la kata. Namba ilikuwa nzuri, kipimo chake kikasahaulika. Usiandike kamwe namba peke yake.

Hatua zako zijue, zitakusaidia. Nyoosha tepu mita 30 kwenye uwanja tambarare, tembea mwendo wako wa kawaida mara tatu, hesabu, gawanya. Utajua hatua yako ni sentimita ngapi, na utaweza kukadiria kiwanja kabla hujafungua mfuko wa vifaa. Kukadiria ni kukadiria, lakini kunakukinga na kosa la mita nzima, ambalo tepu haiwezi kukuonya.

Turudi karakana. Unatengeneza geti la upana wa 2400 na unataka nondo kila baada ya 150. Njia ambayo mkono unaipenda ni kuweka alama ya kwanza, kuhamisha tepu, kupima 150, kuweka alama, kuhamisha tena. Chaki ina unene, jicho lina pembe yake, na kila ukihamisha tepu unaanzisha sifuri mpya. Ukikosea milimita moja tu kila mara, na makosa yakaelekea upande mmoja, ukifika nafasi ya kumi na sita umekosea milimita 16. Nondo ya mwisho inakosa mahali. Badala yake, laza tepu mara moja, sifuri kwenye ukingo, na weka alama 150, 300, 450, 600 mpaka mwisho bila kuinua. Kila alama inaweza kukosewa milimita moja, lakini makosa hayarithiani.

Namba zikikataa kugawanyika ndipo utaona faida yake zaidi. Dirisha la 1500 lenye nafasi kumi na moja: 1500 gawanya kwa 11 ni 136.36. Ukisema basi ni 136 na kuruka hivyo hivyo, unafika 1496 na nafasi ya mwisho inabaki na milimita 4 za ziada. Zidisha kwanza, kisha ndipo ukadirie: 136, 273, 409, 545, 682, 818, 955, 1091, 1227, 1364, 1500. Nafasi zitapishana kwa milimita moja, ambayo jicho haliioni. Mimi huandika mfululizo huo kwa chaki kwenye meza kabla sijashika grinda, na siku ambazo sikuandika nilijuta. Kumbuka pia kwamba diski ya kukatia inakula unene wake. Ukichora vipande vitano mfululizo kwenye chuma kimoja na kukata katikati ya mistari, vyote vitatoka vifupi. Chora kimoja, kata, ndipo uchore cha pili, na weka alama ndogo ya X upande wa kutupa ili diski ipite upande huo wa mstari.

Kwenye msingi mambo yanakuwa makubwa na makosa yanajificha. Kiwanja chenye mteremko ndicho kinachowadanganya wengi. Ramani inapima umbali wa usawa, sio wa kufuata ardhi. Ukilaza tepu ya mita 30 juu ya ardhi inayoshuka mita 3, umbali wa usawa uliopata ni mita 29.85, na sentimita 15 zimepotea bila mtu kukosea kusoma. Pima kwa vipande vifupi, tepu ikiwa imenyooka kwa pimamaji au kwa mpira wa maji, na ncha ya juu ishushwe chini kwa timazi. Ni kazi ya polepole. Lakini uzi ukienda kando kwa sentimita 30 mwishoni mwa mita zile zile 30, kosa ni milimita moja na nusu tu, kwa hiyo usimalize asubuhi yote ukigombana na uzi huku mteremko umeuacha.

Jua nalo limo. Tepu za chuma hutengenezwa zikiwa sahihi kwenye nyuzi joto 20. Saa saba mchana utepe uliolala juani unaweza kufika 45, na tepu ya mita 30 inarefuka kwa zaidi ya milimita 8. Kwa nyumba ya kawaida utaivumilia. Kwa nguzo za chuma zinazokuja zimetobolewa tayari kiwandani hutaivumilia, matundu hayatakutana. Pima asubuhi. Na zile tepu ndefu za plastiki zenye nyuzi ndani ni nyepesi na hazipati kutu, ila huvutika. Mtu mwenye nguvu na mtu dhaifu watasoma namba tofauti. Mimi nazitumia kwa kuchimba mtaro, sizitumii kuseti msingi.

Pembe mraba utafundishwa ya tatu nne tano, na ni kweli, lakini mafundi wengi wanaipima sentimita 30, 40, 50 kwenye kona ya nyumba ya mita 12. Kosa la milimita 2 pale kwenye kona linakuwa sentimita kadhaa upande wa pili. Panua pembetatu kadiri kiwanja kinavyoruhusu: mita 6, 8 na 10, au 9, 12 na 15. Halafu pima mikingamo yote miwili ya nyumba, yaani kutoka kona hadi kona inayokabiliana nayo. Pande zinazotazamana zikilingana na mikingamo ikilingana, pembe ziko sawa. Ikitofautiana, usiendelee kuchimba hata kama fundi mkuu ana haraka. Mwambie kwa adabu, "Fundi, naomba turudie mikingamo." Hakuna fundi wa kweli aliyewahi kunikasirikia kwa sentensi hiyo.

Kwa vitu vidogo swali la mzee linabaki lile lile. Ukipewa kalipa ya venia, kabla ya kupima chochote funga midomo yake kabisa, itazame kwenye mwanga, soma. Kama inasoma 0.2 wakati hakuna kitu katikati, basi kila utakachopima kimezidi 0.2, kitoe. Mikromita nayo vivyo hivyo: skrubu yake inasonga nusu milimita kwa mzunguko mmoja, pipa lake limegawanywa sehemu 50, kwa hiyo kila sehemu ni 0.01 ya milimita, na kwa udogo huo hata vumbi la chuma kwenye uso wa sifuri ni kosa kubwa. Futa kwanza. Kaza kwa ule mkia unaoteleza wenyewe, usikaze kwa nguvu za mkono, maana kwa kukaza unaweza kupata namba yoyote unayoipenda.

Kuna kitu kimoja ambacho kalipa haikisemi vizuri, na kinahusu usalama wa watu: kipenyo cha nondo. Nondo ina mbavu, ukiibana kwenye mbavu unapata namba kubwa, ukiibana katikati ya mbavu unapata ndogo. Njia ya uhakika ni kuchanganya urefu na mizani. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12: 144 gawanya kwa 162 ni kama kilo 0.89 kwa mita, kwa hiyo nondo ya mita 12 iwe karibu kilo 10.7. Kata kipande cha mita moja sawasawa, kipime. Kikija na gramu 740 badala ya 890, hiyo si nondo ya 12 hata kama imeandikwa 12 na risiti inasema 12, na lenta ya mtu haitajua kusoma risiti.

Siku hizi vijana wengi mnakuja na kipimo cha leza mfukoni. Ni kifaa kizuri na nakitumia, hasa ndani ya vyumba na kwenye dari. Kinatuma mwanga, mwanga unarudi, na kwa kujua mwendo wake kinatoa umbali. Ndivyo mita yenyewe inavyoelezwa tangu mwaka 1983: umbali ambao mwanga husafiri katika ombwe kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Fimbo ya platinamu imestaafu. Lakini leza nayo ina sifuri yake. Kuna kitufe cha kuchagua ihesabu kuanzia mgongo wake au kuanzia uso wake, na mtu akikibonyeza bila kujua, kila kipimo cha siku nzima kinazidi au kupungua urefu wa kifaa chenyewe, kama sentimita 11 hivi. Asubuhi pima kitu unachokijua, kwa mfano meza yenu ya karakana, kabla hujaanza. Kwenye kioo na kwenye jua kali usiitegemee.

Ukienda kununua tepu, tafuta alama ndogo ya namba ya Kirumi karibu na mwanzo wa utepe. Tepu ya daraja la II inaruhusiwa kukosea milimita 1.3 katika mita 5, na 2.3 katika mita 10. Daraja la I ni bora zaidi. Isiyo na alama yoyote inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa mbaya, huna njia ya kujua mpaka uilinganishe.

Na kulinganisha ndiko ninakotaka uanze nako wiki hii. Mwaka 1628 meli ya kivita ya Sweden iitwayo Vasa ilizama bandarini Stockholm ikiwa safari yake ya kwanza. Ilipoibuliwa mwaka 1961 na kuchunguzwa, zilikutwa ndani yake rula nne za mafundi: mbili za futi ya Sweden yenye inchi 12, mbili za futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Meli ile ilizama kwa sababu ilikuwa nzito mno sehemu za juu, lakini wachunguzi waliona pia kwamba pande zake mbili hazikulingana, mbao za upande mmoja ni nene kuliko za upande wa pili. Nafikiria sana wale mafundi, kila mmoja akipima kwa uangalifu, kila mmoja akiwa sahihi kwa rula yake.

Saiti yetu tuna tepu saba. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, tunazilaza sambamba kwenye sakafu ya zege, ndoano zote zikigusa ubao mmoja, na tunatazama kwenye alama ya mita 5. Iliyotofautiana tunaifunga utepe mwekundu, inabaki ya kupimia mchanga na mitaro. Aliyeshika ncha anatamka kwa sauti "sifuri" au "kumi" kabla msomaji hajasoma, na msomaji anarudia namba pamoja na kipimo chake, "elfu mbili mia nne milimita," naye aliyeshika anairudia tena. Wageni huona aibu kupaza sauti wiki ya kwanza. Paza, mdogo wangu. Sisi tulio upande wa pili hatuioni ncha yako.